Aniceti Kitereza na Kitabu Kilichoandikwa Mara Mbili

Imekuwa desturi kwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kumtafuta mwandishi katika machozi yake. Asomwapo Shaaban Robert, hutajwa mara moja kufiwa kwake na mkewe Amina. Asomwapo Abdilatif Abdalla, hutajwa kifungo alichofungwa mwaka 1969, na diwani ya Sauti ya Dhiki iliyotungwa kifungoni humo ikachapishwa mwaka 1973. Desturi hiyo haina ubaya kwa nafsi yake, maana mambo hayo yalitokea kweli na yameacha alama katika maandishi. Ubaya wake ni kwamba huishia kumfanya msomaji aamini kuwa taabu ni mwalimu, na kwamba mtu akiteswa vya kutosha atakuwa mwandishi. Lau ingalikuwa hivyo, nchi za Afrika ya Mashariki zingalikuwa na vitabu vingi kuliko rafu za kuviweka.

Yafaa jambo hili litazamwe kutoka mahali ambapo ugumu wake hauwezi kufichika. Nyarero ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya, katika nchi ya Wakuria. Mtoto wa huko aghalabu husema Kikuria kwanza, na Kiswahili hukipata kwa ukamilifu wake shuleni, sokoni na penye shughuli za serikali. Kikuria, kama lugha nyingine kadhaa za pande za Ziwa, hugawa wakati uliopita katika vipande: jambo la leo lina umbo lake la kitenzi, la jana lina lake, na la zamani lina lake. Aingiapo katika Kiswahili mtoto huyo hukuta vipande hivyo vyote vimekwisha kumezwa na silabi moja, -li-. Hapotezi akili wala kumbukumbu, lakini hupoteza chombo alichozoea kupangia kumbukumbu zake. Kwa mtu wa namna hiyo kalamu ina taabu yake kabla hajafiwa, kabla hajafungwa, na kabla hajaugua. Atakapotaka kuandika habari za maisha yake hatauliza tu ataandika nini. Atauliza pia ni yupi kati ya watu wawili waliomo ndani yake atakayeshika kalamu.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mwandishi aliyejiuliza swali hilo, na kulijibu mara mbili, haupatikani Tarime yenyewe bali kusini yake kwa maji, katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho zamani za utawala wa Waingereza kilikuwa pamoja na Tarime katika Jimbo la Ziwa. Mwandishi huyo ni marehemu Mzee Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Mukama Machunda alikuwa babu yake. Mwaka 1905 aliingia shule ya misheni ya Kagunguli, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, katika nchi ya Bukoba, alikokaa miaka 10. Huko alisoma Kilatini na Kijerumani, falsafa na mambo ya dini. Hakufikia upadri. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akafanya kazi ya misheni na baadaye ya wafanya biashara huko Mwanza, kisha akarudi kisiwani kuwa mwalimu wa dini na mkalimani wa mapadri. Watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo walikufa wangali wachanga. Kwa mila ya watu wake ilikuwa halali, tena ilitazamiwa, aoe mke mwingine, hakuoa. Uzee wake ulisumbuliwa na baridi yabisi iliyomdhoofisha viungo.

Hizo ndizo taabu, na mhakiki mwenye haraka akifika hapa huwa amekwisha kupata makala yake. Asema: mtu asiye na mtoto akaandika kitabu juu ya watu wasio na mtoto, basi kitabu ni kilio chake. Na kwa kweli mwanzo wa kitabu wamsaidia kusema hivyo. Myombekere na mkewe Bugonoka hawajajaliwa mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, na wanamtaka mume amwache au aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, kwa uchungu wa kutukaniwa binti yao, wanamchukua na kurudi naye kwao. Myombekere anamfuata, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, anaipika, anaipeleka, na mkewe anarudi. Wanakwenda kwa mganga Kibuguma, anawatibu, nao wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Msomaji wa juu juu ataona hapo mwandishi akijipa kwa wino watoto alionyimwa.

Lakini majina ya watoto hao hayamruhusu msomaji makini kutulia. Ntulanalwo maana yake ni mtu akaaye nacho sikuzote, na kinachokaliwa nacho ni kifo. Bulihwali ni swali: msiba huu utakwisha lini? Watazame kwa jicho la lugha. Katika Ntulanalwo neno la kifo halimo kabisa. Kilichomo ni -lwo, kiwakilishi cha ngeli tu, kinachosimama mahali pa neno ambalo wazazi hawakutaka kulitamka juu ya kichwa cha mtoto wao. Kadhalika katika Bulihwali, msiba umo katika silabi bu- peke yake. Mkerewe asikiaye jina hilo huijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa kuwa sarufi ya lugha yake humlazimisha kuijaza. Huu si utungaji wa mtu anayejifariji. Mtu anayejifariji angaliwaita watoto wake Baraka na Neema. Kitereza aliwapa watoto wa kitabuni majina ambayo watu wake walizoea kuwapa watoto waliofuata vifo vya wengine, na kwa njia hiyo furaha ya kuzaliwa kwao ina vifo ndani yake tangu siku ya kwanza.

Msomaji wa Nyarero hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Katika nchi ya Wakuria ipo ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambayo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe za mahari na kumwoa mwanamke kijana, na watoto wazaliwao na kijana huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Mila hiyo imesemwa mengi, ya sifa na ya lawama, na hapa si mahali pa kuyapima. Lililo muhimu ni kwamba yaonyesha jinsi jamii ya pande hizi isivyoweza kuiacha nyumba iishe bila watoto; ikishindikana kwa njia moja, itatafutwa nyingine, hata kwa kugeuza maana ya neno mume. Mbele ya nguvu kama hiyo, uamuzi wa Myombekere kumfuata mke aliyeitwa tasa si mapenzi matamu ya kitabuni. Ni ukaidi. Na mwandishi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkaidi wa namna hiyo hiyo, hamsifu Myombekere kwa neno hata moja lisilohitajika. Amwacha apike pombe.

Sura ya pombe ndiyo mahali pa kuupima uandishi wa Kitereza. Wako wasomaji waliochoshwa na kitabu hiki, na si haki kuwadharau. Kina zaidi ya kurasa 600 katika chapa ya Kiswahili. Salamu hutolewa na kuitikiwa mpaka mwisho. Kilimo, uvuvi, dawa, ugeni, matanga na mashauri ya wazee huelezwa hatua kwa hatua, na mara nyingine hadithi husimama pembeni kama mgeni aliyesahauliwa uani. Pana kurasa ambazo desturi imeelezwa kwa ukamilifu ilhali hapana mtu yeyote hadithini anayeihitaji wakati huo. Hayo ni madoa, na kuyaita utajiri wa utamaduni hakuyafuti. Lakini katika habari ya pombe mambo ni mengine. Kuivisha ndizi, kuzikamua, kutafuta vyombo, kuomba msaada wa majirani, kungoja mpaka ichachuke: kila kazi hapo ni sehemu ya deni. Myombekere hawezi kumpata mkewe kabla pombe haijawa tayari, na pombe haiharakishwi. Maelezo ya desturi na mashaka ya hadithi yamekuwa kitu kimoja. Msomaji hujifunza namna ya kupika pombe ya ndizi kwa sababu amekwisha kutamani Bugonoka arudi.

Sasa, ni nani aliyemfundisha Kitereza kufanya hivyo? Si kufiwa. Waliofiwa na watoto katika Ukerewe ya siku zake walikuwa wengi, maana ndui, malale na njaa vilipita mara nyingi katika nchi za Ziwa. Alifundishwa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida hudhaniwa kuwa maadui. Cha kwanza ni baraza za wazee wa Kikerewe, alikosikia namna shauri linavyoendeshwa, jinsi maneno yanavyozungushwa kabla ya kufika penyewe, na kwa nini salamu haikatwi. Cha pili ni miaka 10 ya seminari, alikozoeshwa kukaa mezani, kuandika kwa mpangilio, kuvumilia kitabu kirefu, na kuitazama lugha kama kitu chenye sehemu zinazoweza kutajwa. Taabu ilimpa jambo la kusema. Namna ya kulisema aliipata kwingine, kwa kazi.

Na hapa lipo jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mtu huyu alikuwa Mkatoliki wa dhati na mwalimu wa dini. Alipoandika, alichagua zama za kabla ya Wazungu kuingia kisiwani. Katika kitabu chake watu wanakwenda kwa mganga na mganga anaponya, mizimu inaheshimiwa, wake wengi si dhambi bali ni hali ya baadhi ya nyumba. Mwalimu wa dini hajitokezi hata mara moja kuwakemea. Wepesi wa kazi hiyo ni wa kuonekana tu. Waandishi wengi waliopitia shule za misheni walikuwa na njia mbili mbele yao: kuwahukumu babu zao, au kuwatakasa. Kitereza aliwaacha babu zake wawe na akili, hasira, choyo, ucheshi na makosa, na akaiweka imani yake mahali ambapo haikuweza kuwazuia wasiseme. Kama pana jambo linalostahili kuitwa kukua kwa nafsi ya mwandishi, basi ni hili. Si kwamba aliacha kuwa Mkristo ili awe Mkerewe, wala si kinyume chake. Alijifunza kunyamaza penye nafsi yake moja ili nafsi yake nyingine isikike.

Mswada wa Kikerewe ulimalizika mwaka 1945. Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ndiye aliyemtia moyo na kujaribu kuusaidia upate kuchapishwa, lakini alifariki mwaka 1954 jambo halijatimia. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kikubwa namna ile katika lugha yenye wasemaji wachache. Mwisho wa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, kwa utafiti wa historia. Wakauona mswada, wakatambua thamani yake. Shauri lililotokea ni kwamba kitabu kingepata njia kwa Kiswahili. Mzee Kitereza, aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, mgonjwa wa viungo, akaketi akakiandika tena chote kwa mkono wake katika lugha ambayo haikuwa yake ya kwanza. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kwa tarehe ya mwaka 1980, kikiwa kimepigwa chapa China. Nakala zilifika baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1981, hakukishika kitabu chake mkononi.

Miaka 35 ilipita kati ya mswada na chapa. Wanaoipenda hadithi ya taabu hupenda sana miaka hiyo, kwani humalizikia kwa ushindi. Lakini hesabu ya haki yapasa kuuliza pia ni nini kilichopotea humo. Mtu aliyeandika kitabu kama hiki akiwa na miaka 49 alikuwa na nguvu za kuandika kingine. Laiti Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ingalitoka mwaka 1946 au 1947, riwaya ya Kiafrika ingalipata mapema sana kielelezo cha kitabu kirefu kilichotungwa katika lugha ya watu wake, na mtungaji angalipata wasomaji wa kumjibu, kumsifu na kumsahihisha. Mwandishi hukua kwa kusomwa. Kitereza alinyimwa hilo kwa muda wote wa utu uzima wake. Taabu hiyo haikumkuza. Ilimpunguza, na ni wajibu wa uhakiki kusema hivyo bila kupamba. Katika kisiwa hicho hicho, kijijini Namagondo, alizaliwa mwaka 1944 Euphrase Kezilahabi. Yaani alikuwa mtoto mchanga wakati Kitereza alipokuwa akimalizia mswada wake. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, miaka 9 kabla ya kitabu cha mzee. Kijana alianza moja kwa moja kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa na wachapishaji, shule na wahakiki. Tofauti kati ya wawili hao si ya kipaji.

Kilichomkuza Kitereza katika uzee wake ni kazi ya pili, na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake iliyosahauliwa kuliko zote. Kwa kawaida husemwa tu kwamba alikifasiri kitabu chake, kana kwamba alinakili hesabu kutoka daftari hili kwenda daftari lile. Aliyekiandika mwaka 1945 alikuwa akisema na Wakerewe, tena Wakerewe vijana ambao alihofu kwamba wangesahau. Msomaji huyo alijua chombo kikitajwa kina umbo gani, na ndugu akitajwa ana haki gani nyumbani. Aliyekiandika kwa Kiswahili alikuwa akisema na mtu wa Tanga, wa Songea, wa Tarime, asiyejua lolote kati ya hayo. Ilimpasa kusimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na kuitazama kama mpita njia. Katika Kiswahili chake hilo laonekana kwa jinsi asivyokubali kitu kipite bila kuelezwa, na kwa ule utulivu wa mtu anayemwonyesha mgeni shamba. Baadhi ya urefu unaochosha watoka hapo. Baadhi ya uzuri pia watoka hapo hapo.

Kiswahili hicho kimewahi kutazamwa kwa jicho la mashaka. Hakina mizani ya mwambao. Sentensi zake zatembea kwa hatua za Kikerewe. Methali zake nyingi zimevaa nguo za Kiswahili lakini mwili wake ni wa kisiwani. Kwa mhakiki aliyezoea kupima lugha kwa Lamu, Mvita na Unguja, hayo ni makosa. Kipimo hicho ni kizuri kwa ushairi wa Lamu, Mvita na Unguja. Kikitumiwa kwa kila mtu, humlazimisha mwandishi wa bara achague kati ya mambo mawili mabaya: kuiga sauti ya mwambao ambayo hakuizaliwa, au kuomba radhi kwa sauti yake. Kitereza hakufanya lolote kati ya hayo. Hata jina la kitabu laonyesha jinsi alivyosuluhisha: Bwana na Bibi ni heshima za Kiswahili, zimetangulizwa mbele ya Myombekere na Bugonoka, ambao wamebaki kama walivyokuwa. Mlango ni wa Kiswahili, wenyeji ni Wakerewe, na mgeni hakatazwi kuingia.

Yafaa kutaja kwamba mkoa wa Mara wenyewe umejifunza jambo hili kwa njia nyingine. Mwandishi wake anayejulikana kuliko wote, Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliingia katika fasihi ya Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, alipouleta mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar katika Kiswahili mwaka 1963, akaurudia na kuutengeneza upya mwaka 1969. Na katika Wakuria, upande wa Kenya, alitoka Chacha Nyaigotti Chacha, mtunzi wa tamthilia, ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu kizima cha kuhakiki ushairi wa Abdilatif Abdalla. Mkuria kumhakiki mshairi wa Mvita, mtu wa lahaja na bahari, si jambo dogo. Laonyesha kwamba aliyekuja katika Kiswahili kutoka lugha nyingine si lazima abaki kuwa mwanafunzi wa mwambao. Aweza kuwa msomaji wake mkali. Tena kitabu hicho kilitambua jambo lililo karibu na hoja ya makala haya, kwani jina lake halitaji dhiki bali utetezi. Kifungo kilimpa Abdilatif sababu ya kusema. Tungo zenyewe zilijengwa kwa elimu ya ushairi wa Kiswahili aliyokua nayo tangu utotoni, elimu ambayo hakuna gereza lililompa.

Kwa hiyo atakapotokea mwandishi wa Nyarero, na labda yupo sasa na mswada wake umelazwa katika sanduku, haitamfaa kuambiwa kwamba umaskini, mapigano ya koo au misiba ya nyumbani kwake itamfanya mwandishi. Ataambiwa hivyo mara nyingi, na wenye nia njema. Litakalomfaa ni mtu wa kuusoma mswada huo angali hai, na uhakiki utakaojua kutenga kosa la sarufi na mwendo wa Kikuria. Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza, maana lahitaji wahakiki wanaosikia lugha za Ziwa, nao ni wachache mno katika vyuo ukilinganisha na wanaosikia lahaja za pwani.

Kitabu cha Kitereza chatoa nafasi nzuri ya kuanzia. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwana wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofuata maandishi ya Kikerewe, si ya Kiswahili. Hivyo msomaji wa Kiingereza anamsikia Kitereza wa mwaka 1945, na msomaji wa Kiswahili anamsikia Kitereza mzee. Watu hao wawili hawakusema maneno yale yale. Kuwaweka ubavu kwa ubavu, ukurasa kwa ukurasa, ni kazi inayoweza kuonyesha, bila kubahatisha juu ya huzuni za mtu, kile alichokiongeza, alichokifupisha na alichokataa kukigusa alipobadili lugha. Habari ya pombe ya ndizi ingefaa kuwa ya kwanza, kwa kuwa humo siku zinahesabiwa, na Kikerewe, kama Kikuria, hakichanganyi jana na zamani. Mahali ambapo Kikerewe kilizitenga kwa umbo la kitenzi, na Kiswahili kikampa mzee -li- peke yake, ilimbidi atafute njia nyingine ya kumweleza msomaji kwamba Myombekere amekwisha kungoja muda mrefu.